Tukuyu kwa siku moja au mbili: Ngosi, Rungwe, Daraja la Mungu au Kitulo?

Anayekuja Tukuyu kwa harusi, msiba au semina, akabakiwa na siku moja kabla ya kupanda basi, huuliza swali lilelile: niende Ngosi au Daraja la Mungu? Pale stendi atajibiwa kwamba kote ni karibu. Ni kweli. Ila kuna ukaribu wa ramani na kuna ukaribu wa miguu, na juu ya hayo yote Rungwe ina wingu lake. Kilele ulichokiona wazi wakati unakunywa chai ya asubuhi, ikifika saa tano unaweza kukitafuta usikione. Ndiyo maana hapa sipangi mahali kwa umaarufu wake. Napanga kwa mambo matatu yanayoamua kama siku itakuwa nzuri au utarudi na picha za ukungu: saa unayotoka, mwezi uliopo, na magoti yako.

Kwa asiyeujua mji, Tukuyu ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, kilomita 70 hivi kutoka Mbeya mjini kwa lami inayoendelea Kyela hadi mpaka wa Malawi. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, katikati ya chai, migomba na miparachichi. Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Mvua ya huku haina utani: ziko sehemu za wilaya zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata Agosti, ambayo kwa Dodoma ni vumbi tupu, huku unaweza kulowa chapachapa.

Ngosi au Rungwe

Hivi viwili ndivyo vinavyochanganywa zaidi. Vyote ni volkano, vyote vina msitu, vyote unavifikia kwa barabara ileile ya Mbeya–Tukuyu. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Ngosi ni kreta katika safu ya Poroto. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo wake inafika mita 2,620, na ndani yake kumetulia ziwa la kijani lenye kina kinachozidi mita 70, lisilo na mto unaoonekana kutoka. Unashuka kwenye daladala barabara kuu, unachukua bodaboda mpaka msitu unapoanzia, kisha unatembea. Mwenye mwendo wa kawaida huchukua kati ya saa moja na mbili kufika ukingoni. Mwanzo ni wa kupumbaza, njia pana, unaongea na wenzako huku unacheka. Baadaye mlima unasimama. Sehemu za mwisho unapanda kwa kushika mizizi, na mizizi hiyo imeshikwa na mikono mingi hadi imekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Chini yake kuna udongo mweusi wa majivu ya volkano ambao ukilowa unateleza vibaya. Mwenye viatu vya soli bapa atapanda hatua mbili na kurudi moja.

Msitu wenyewe ni nusu ya safari. Kuna migomba pori yenye majani makubwa kupita ya shambani, kuna mianzi, kuna mikangaga iliyorefuka kama miti. Ukiwa na mwongozaji anayependa kazi yake atakuonyesha kinyonga ambaye wewe ungempita mara kumi. Halafu miti inafunguka ghafla, na ziwa liko chini yako, limezungushiwa kuta za kijani zilizosimama wima. Malipo ya Ngosi ndiyo hayo, na yanakuja yote kwa mara moja.

Au hayaji kabisa. Kreta hukusanya ukungu, na siku nyingine ukifika ukingoni unakuta weupe mtupu, unasikia upepo tu. Hapo usikate tamaa ukageuka. Kaa chini, kula ndizi zako, subiri nusu saa au zaidi. Ukungu wa Ngosi huwa unafunga na kufungua, na dakika tano za kuona ziwa zinatosha. Usichopaswa kufanya ni kushuka hadi majini. Vijana wengine watakuambia njia ipo. Ipo, lakini ni ukuta wenye utelezi, na kupanda tena ni shughuli ambayo haikuwa kwenye bajeti ya siku yako wala ya magoti yako.

Rungwe ni habari nyingine. Kilele kiko karibu mita 2,960, na ukiamua kukifuata umeamua kutoa kutwa nzima: unatoka kabla jua halijachomoza, unarudi jioni ukiwa huna la kusema. Mlima ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2009, wenye zaidi ya hekta 13,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Kwa hiyo hapapandwi kiholela. Unapita ofisini kwao, unalipia kibali, unapewa au unaelekezwa mwongozaji. Usiione hatua hiyo kama usumbufu. Juu kule ukungu ukishuka, vijia vya wanyama na vya watu hufanana.

Unapita msitu mnene, unaingia kwenye mianzi, kisha miti inafupika, na mwishoni unatembea kwenye nyasi na vichaka vya baridi. Siku ikiwa safi unaliona Ziwa Nyasa kusini. Siku ikiwa chafu umepanda saa nyingi kwenda kuangalia kanzu ya mawingu kwa ndani. Hapo ndipo tofauti kubwa ya Ngosi na Rungwe ilipo: Ngosi ikikunyima mandhari umepoteza asubuhi, Rungwe ikikunyima umepoteza siku. Kwa hiyo Rungwe namshauri yule ambaye kutembea msituni kwenyewe ndiko anakokupenda, awe amefika kileleni au asifike. Anayetaka picha moja kubwa ya kumtumia mama nyumbani aende Ngosi.

Kuna sababu moja inayowapeleka wengi Rungwe, nayo ni kipunji. Nyani huyu wa rangi ya kahawia, mwenye nywele zilizosimama utosini, alijulikana kwa wawindaji wa Kinyakyusa miaka mingi. Watafiti walianza kwa kusikia simulizi za wawindaji hao, wakamthibitisha mlimani hapa mwaka 2003, na ulimwengu ukatangaziwa mwaka 2005. Mwaka uliofuata wanasayansi walimpa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika katika miaka 83. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117, ukijumlisha wa huku na wale wa misitu ya Udzungwa.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Mnyama mwenye idadi ndogo namna hiyo, anayekaa juu ya miti mirefu kwenye mabonde yenye mwinuko mkali, aliyewindwa hadi akajifunza kumkwepa binadamu, hawezi kuwa sababu ya safari yako ya siku moja. Unaweza kumsikia, ana mlio wa kukoroma na kubweka kwa pamoja ambao haufanani na wa mwingine. Kumwona ni bahati. Mbega una nafasi nzuri zaidi ya kuwaona. Minde naye yumo, swala mdogo wa misitu ya milimani asiyepatikana nje ya Tanzania, lakini huyo hata wanaoishi jirani na msitu wengi hawajawahi kumwona kwa macho. Anayekuahidi kipunji kwa uhakika anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jambo moja la kando kwa wapenda mawe. Milima hii haijazeeka. Rungwe ililipuka kwa nguvu kubwa miaka 4,000 hivi iliyopita, na jirani yake Kyejo, upande wa kusini-mashariki, ilimwaga lava karibu na mwaka 1800, wakati ambao mababu wa mababu wa watu wa huku walikuwepo. Ukipita mahali barabara ilipokata kilima, tazama ukutani: utaona tabaka za vijiwe vyepesi vya rangi ya kijivu na njano. Chukua kimoja ukitie kwenye ndoo ya maji, kitaelea. Rutuba inayolisha migomba yote hii imetokana na milipuko ya namna hiyo.

Kwa wasiotaka kupanda: Daraja la Mungu na Kijungu, au Kaporogwe

Mto Kiwira unashuka kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, na kaskazini-magharibi mwa Tukuyu umefanya vituko viwili visivyohitaji jasho. Cha kwanza ni Daraja la Mungu, upinde wa jiwe jeusi uliolala juu ya mto, kama fundi alipima na kumwaga zege akaondoka. Maelezo ya kawaida ya wajuzi wa miamba ni kwamba lava ilifika mtoni, ikapozwa na maji na kuganda, mto ukaendelea na safari yake chini. Cha pili ni Kijungu, ambako mto wote unaingia kwenye shimo la mviringo katika mwamba na kuzunguka kwa hasira kabla ya kupata upenyo.

Ukivilinganisha hivi viwili, Daraja ndilo lenye jina, ila mimi Kijungu naona kinazidi. Daraja unaliangalia, unapiga picha, na baada ya dakika kumi umeshamaliza. Kijungu unakitazama na hutaki kuondoka. Maji yanagonga mwamba hadi unahisi mtetemo kwenye nyayo. Ni hapohapo pia penye hatari zaidi. Mawe ya pembeni yana ukoga wa kijani usioonekana vizuri na yanateleza, na aliyeanguka mle hana pa kushika. Mtoto ashikwe mkono muda wote, na mkubwa anayetaka picha ya ukingoni kabisa ashikwe naye.

Kingine cha kujua kabla hujaondoka gesti: njia ya Kijungu inapita eneo la Jeshi la Magereza, kwenye chuo chao cha Kiwira. Beba kitambulisho, salimia vizuri getini, eleza unakokwenda, na simu ya picha ikae mfukoni mpaka umeondoka kwenye majengo. Watu wanapita hapo kila siku bila shida. Shida huanzwa na anayejifanya hakuona kibao.

Kaporogwe iko upande wa pili, kusini mwa Tukuyu, na ni maporomoko kamili: maji yanaanguka kwa pazia moja refu, na nyuma ya pazia hilo kuna pango unaloweza kuingia ukayatazama maji kutoka ndani. Kwa mtu wa maporomoko, Kaporogwe inaishinda Kijungu kwa urefu na kwa utulivu. Ila barabara yake ya vumbi wakati wa masika inageuka tope zito, na hapo ndipo bodaboda atakapokupandishia nauli kwa haki kabisa. Mara nyingi utajikuta peke yako na watoto wa jirani waliokuja kuchunga. Hilo kwa wengine ni sifa, kwa wengine ni sababu ya kutafuta mwenzi wa safari.

Mvua huigeuza hesabu yote ya mito. Mwezi wa nne, ambapo Ngosi ni utelezi na Rungwe imefunikwa, Kiwira imejaa na Kijungu kinanguruma kuliko wakati wowote. Oktoba, Daraja la Mungu unalitazama juu ya maji ya kawaida. Kwa hiyo aliyefika masika asijione hana bahati; achague maji aache vilele.

Masoko: ziwa la kreta bila kupanda

Kwa mzazi aliyechoka, au aliyekuja na bibi, au mwenye watoto wadogo, nafasi ya Ngosi inachukuliwa na Ziwa Masoko, kusini-mashariki mwa Tukuyu kwenye barabara ya kuelekea Ipinda. Ni kreta pia, ya mviringo safi, ila ndogo, na gari linafika karibu kabisa. Huna haja ya mwongozaji wala fimbo. Juu ya ziwa kuna jengo la enzi ya Wajerumani, na wazee husimulia kwamba walipozidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza walitupa fedha zao majini. Watoto wa hapo wanaweza kukuletea sarafu ya zamani ya kununua. Usilipe bei ya hadithi.

Kwa macho, Masoko haiifikii Ngosi. Haina msitu unaokutayarisha, haina kuta za kutisha, na mshangao wake ni mdogo. Lakini chini ya maji yake kuna jambo ambalo Ngosi haina. Humo wanaishi samaki jamii ya perege, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanagawanyika kuwa aina mbili: madume wa njano wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi pembeni, na madume wa bluu iliyokolea wanaokaa kwenye kina chenye giza. Bado ni ndugu wa karibu, ila kila kundi linazidi kuoana lenyewe kwa lenyewe. Tope la chini nalo limewapa wanasayansi kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka karibu 50,000, tabaka juu ya tabaka. Ukimwambia mtoto wa darasa la saba habari hiyo akiwa amesimama pale ukingoni, mada ya mageuzi ya viumbe ataikumbuka kuliko kwa ubaoni.

Kitulo ina miezi yake

Kitulo, uwanda wa maua, haiko Tukuyu, na wenyeji wa Wilaya ya Makete watakukumbusha. Naiweka hapa kwa sababu ukitokea Tukuyu unarudi kaskazini hadi Isyonje, unakata kulia kupanda kuelekea Kikondo, na kwa gari zuri unaweza kwenda na kurudi siku moja ukiondoka alfajiri. Njia nyingine ni ya upande wa Chimala, ile inayopanda ukuta wa bonde kwa kona 57. Hiyo inamfaa anayetoka Dar au Iringa, siyo wewe.

Ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, kilomita za mraba 412.9, na ni miongoni mwa hifadhi chache sana katika Afrika ya tropiki zilizoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Usitafute tembo. Utakuta uwanda wa nyasi kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na ndani ya nyasi hizo aina karibu 350 za mimea ya maua, zikiwemo okidi aina 45. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla ya kibao chochote kusimamishwa. Ndege nao wapo, mbayuwayu wa buluu kwa mfano, anayekuja kuzaliana wakati wa mvua.

Hapa kosa la mwezi halisameheki. Maua yanaanza Desemba na kuendelea hadi Aprili. Ukienda Julai utakuta nyasi kavu, upepo unaokata masikio, na baadhi ya asubuhi barafu nyembamba juu ya majani. Septemba hadi Novemba ni nzuri kwa kutembea, jua lipo na njia ni kavu, lakini mpenda maua atarudi na malalamiko. Tatizo la Kitulo ndilo hilo: wakati wake mzuri ni wakati wa mvua, na wakati wa mvua barabara inadai gari lililoinuka linalovuta magurudumu yote manne. Usafiri wa umma upo wa kukufikisha vijijini, haupo wa kukuzungusha hifadhini. Kwa hiyo kwa mtu mmoja asiye na gari ndiyo chaguo ghali kuliko yote niliyotaja, na kwa kundi la watu sita wanaochangia gari huenda ikawa rahisi kuliko wanavyodhani.

Kuna kisa kinachofaa kujulikana ukiwa pale. Okidi hizi zina viazi chini ya ardhi, na viazi hivyo husagwa kutengeneza chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Soko la ng'ambo ya mpaka lilipokua, watu walichimba nyanda hizi kwa magunia, na hofu ya kuzimaliza ilikuwa miongoni mwa sababu za kuipa Kitulo ulinzi wa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo askari wa uhifadhi akikukuta umeinama na kijiti, usishangae akiuliza maswali. Ua piga picha, liache lilipo.

Kitulo na Ngosi zina undugu usioonekana kwa macho. Majivu na vijiwe vyepesi vya mlipuko wa Ngosi wa miaka zaidi ya 10,000 iliyopita vilitua hadi kwenye uwanda ule. Sehemu ya ardhi inayootesha okidi ilitoka kwenye shimo lile unalolitazama kutoka ukingoni mwa Ngosi.

Hela, daladala na mwongozaji

Kwa Ngosi, Rungwe, Daraja na Kijungu, Coaster na Hiace za Mbeya–Tukuyu–Kyela zinatosha kabisa. Ukitokea Mbeya unapanda stendi ya Nane Nane. Mwambie konda mapema unakoshukia, kwa sababu gari likishashika mteremko halisimami kirahisi. Kutoka barabara kuu ni bodaboda. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, kabla hujakaa kwenye siti. Bodaboda aliyekushusha porini akaondoka ameshajua kwamba jioni utamhitaji zaidi ya anavyokuhitaji.

Viingilio vinatofautiana kwa raia na mgeni, na hubadilika, kwa hiyo ulizia kabla. Kitulo ni ya TANAPA na malipo yao ni ya kielektroniki. Noti zako hazitakusaidia getini. Rungwe ni TFS. Sehemu za vijiji, mchango unaotozwa uombe risiti, kwa adabu tu, bila kukunja uso. Mwongozaji wa Ngosi wengine humkataa kwa kuwa njia inaonekana. Mimi simkatai. Siku ya wazi atakuonyesha kinyonga, siku ya ukungu atakurudisha barabarani.

Mavazi: suruali ndefu, viatu vyenye meno, koti la mvua hata kama anga ni safi, na sweta kwa kila mahali isipokuwa Matema, kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Maji ya kunywa beba ya kutosha. Ndizi utazikuta mji mdogo wa Kiwira kwa mikungu, na mama anayeuza ukimwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, baada ya kukufungia, una nafasi nzuri ya kuongezewa moja.

Ukiwa na siku mbili

Siku ya kwanza sina ubishi nayo. Toka Tukuyu kabla ya saa kumi na mbili na nusu, uwe ukingoni mwa Ngosi kabla wingu halijapanda, shuka, kula Kiwira, mchana nenda Kijungu na Daraja la Mungu, maana maji hayajali ukungu. Vyote viko upande mmoja wa barabara kuu, hurudi nyuma. Ukivigeuza, ukaanza na Daraja na kumalizia na Ngosi, umeharibu kile kizuri zaidi kwa kukipa saa mbaya zaidi. Ikiwa ni masika na asubuhi imeamka na mvua, iache Ngosi bila huruma, gawa siku kati ya Kijungu na Masoko.

Siku ya pili inategemea. Kati ya Desemba na Aprili, mkiwa na gari, ni Kitulo. Kati ya Juni na Oktoba, mwenye miguu na kibali apande Rungwe. Asiye na gari wala hamu ya mlima ateremke Matema.

Matema inafaa kwa sababu haifanani na lolote lililotangulia. Unapita Masoko na Ipinda, unashuka zaidi ya mita 1,000 kutoka Tukuyu, sweta linavuliwa njiani, na unafika kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa uliosukumwa na Milima ya Livingstone mpaka majini. Joto ni la pwani, mbu wapo, chandarua ni lazima. Kuhusu kuogelea, kichocho ni jambo la kuuliza kabla ya kuvua viatu: waulize wenyeji ni sehemu gani wanayoiepuka, na kaa mbali na matete na maji yaliyotuama. Si mahali pa kwenda na kurudi kwa haraka. Usafiri wa jioni kupanda tena Tukuyu hauna uhakika, kwa hiyo panga kulala. Na ikiwa siku hiyo ni Jumamosi, fika asubuhi, kwa sababu ndiyo siku ya soko la Lyulilo, ambapo vyungu vya Wakisi vinaletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Kimoja kinabebeka kwenye Coaster ukikipakata. Viwili utalazimika kuvilipia siti.